Jibu Huja kwa Bahari Ile Ile: Historia Fupi ya Adabu ya Malumbano

Neno adabu tulilipokea kutoka Kiarabu, na safari yake ina mafunzo. Kwa Waarabu, adab ni mwenendo mwema na ni fasihi pia. Adib ni mtu wa fasihi. Sisi tuliuchukua mwenendo, na fasihi tukaipa jina jingine lenye asili ya ufasaha. Hata hivyo, anayeichunguza historia ya washairi wetu ataona kwamba maana ile ya pili haikupotea kabisa. Kwa muda mrefu, kutunga vizuri kulihesabiwa kuwa sehemu ya adabu, hasa pale watu walipokuwa wakigombana.

Nalianza na hilo kwa sababu ya lalamiko ambalo sote tumelisikia. Katika makundi ya washairi yaliyomo simuni, mtu hutupa beti mbili za kumchokoza mwenzake. Mwenzake hujibu kwa mistari mitatu ya nathari na alama ya kicheko. Wa kwanza huona amedharauliwa, kwa kuwa hakujibiwa kishairi. Wa pili huona ameonewa, kwa kuwa alitoa hoja naye akarudishiwa hasira. Kesho yake mmoja wao ameshatoka kundini. Wazee husema vijana hawana adabu. Vijana husema wazee hawataki kukosolewa.

Hoja yangu ni kwamba mara nyingi pande zote mbili zina adabu, ila si adabu moja. Kila uwanja wa malumbano katika historia yetu ulikuwa na kanuni zake, na fujo ilizuka pale waliolelewa katika uwanja mmoja walipokutana na waliolelewa katika mwingine. Tuvipitie viwanja hivyo kimoja kimoja.

Kulumba na kulumbana

Leo tukisikia malumbano tunafikiria kelele za wanasiasa. Lakini neno hilo limetokana na kulumba, yaani kusema kwa ufasaha mbele ya watu, na mlumbi ni msemaji hodari. Kulumbana, basi, ni kutendeana ufasaha: mimi nimelumba, nawe ulumbe. Ndani ya kitenzi chenyewe mna sharti kwamba pande mbili zinapaswa kulingana kwa kiwango cha kusema. Anayebwata mbele ya mlumbi hajalumbana naye.

Sharti hilo lilionekana wazi katika ngoma ya gungu huko kaskazini ya pwani yetu, Lamu na Pate. Humo mlikuwa na mchezo wa kufunga nyama: mshairi alitunga fumbo, akalifunga, na mwenzake alitakiwa kulifungua kwa utungo. Ilihitajika akili ya kutambua kilichofungwa na ulimi wa kukifungua kwa namna inayostahiki. Aliyekasirika alikuwa ameshashindwa, kwa maana hasira haifungui fumbo.

Mfano mashuhuri zaidi wa malumbano ya kale ni ule wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui, na sauti yake kubwa ilikuwa Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Lamu ilikuwa na washairi wake, akiwemo Bwana Zahidi Mngumi. Miji hiyo miwili ilipigana kwa silaha katika vita vya Shela, na Lamu ikashinda. Ilipigana pia kwa tungo. Muyaka aliitumia tarbia, ubeti wa mizani kumi na sita kwa mstari, kama chombo cha mambo ya mjini: siasa, mapenzi, njaa, fedha, kejeli. Mashairi yake yalihifadhiwa vichwani mwa watu, kisha yakakusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akishirikiana na W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni kwa jina la Diwani ya Muyaka.

Maneno ya zama zile hayakuwa ya upole. Watu walitishana, walidharauliana, walikumbushana aibu za vitani. Lakini palikuwa na jambo moja lililowafunga wote: utungo ulijibiwa kwa utungo, na ilipowezekana kwa bahari ile ile na vina vile vile. Neno bahari lenyewe lina maana mbili, maji ya chumvi na mkondo wa shairi, na malumbano ya Muyaka na Lamu yalivuka zote mbili.

Kanuni hii ilikuwa na faida ambayo ni rahisi kuisahau. Anayelazimika kujibu kwa mizani na vina vya mpinzani wake lazima kwanza amsome. Lazima ahesabu mizani zake, azipime tamathali zake, atambue mahali fumbo lilipofichwa. Kazi hiyo huchukua muda, na muda hupoza. Anapomaliza kutunga, hasira imeshageuka kazi ya mikono. Katika utaratibu huo hapakuwa na haja ya kuwaambia watu wawe wapole; umbo la jibu lilifanya sehemu kubwa ya kazi ya kuwatuliza.

Ngomani

Tusiyapambe mambo, hata hivyo. Umbo peke yake halikutosha, na ushahidi tunaupata ngomani. Tangu mwisho wa karne ya 19 ngoma ya beni ilienea pwani kisha ikaingia bara, ikiwagawa watu katika pande mbili: Kingi na Skotchi huko Mombasa, Marini na Arinoti huko Tanganyika. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, sare zake na nyimbo zake za kuusuta upande wa pili. Nyimbo zilikuwa na vina, lakini lengo la shindano lilikuwa kuwaaibisha wapinzani mbele ya mji mzima. Pale mshairi wa gungu alipotaka fumbo lifunguliwe na wachache wenye kujua, mwimbaji wa beni alitaka kila mtu aelewe, tena kwa haraka. Kwa hiyo kipimo cha neno linaloruhusiwa kilikuwa tofauti.

Wanawake nao walikuwa na viwanja vyao, kama lelemama na baadaye vilabu vya taarabu. Humo kusutana kwa wimbo kulikuwa sanaa yenye wataalamu wake. Hapa kuna jambo ambalo historia ya ushairi wetu imelitazama kwa jicho moja. Mwanamume aliyemsema mwenzake kwa mafumbo aliitwa malenga. Mwanamke aliyefanya hivyo hivyo aliambiwa anapiga vijembe, au ana mipasho. Ufundi ulikuwa mmoja, ila jina la kuusifu lilikuwa la wanaume na jina la kuulaumu likaachiwa wanawake. Tunapozungumzia viwango tofauti vya adabu, hiki ni mojawapo ya vile vilivyodumu zaidi.

Siti binti Saad anatupa kielelezo. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, akahamia mjini, akawa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu. Alipopanda daraja, waliomwonea wivu walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa asili yake ya shamba na kwa umaskini aliotoka nao. Siti alijibu kwa wimbo. Hakukana kwamba alitoka shamba, wala hakuwatafutia wapinzani wake aibu za kwao. Alisema kwa ufupi kwamba sura na nasaba si hoja. Mtu hupata hasara anapokosa akili. Jibu hilo linakumbukwa hadi leo na watu wengi wasioujua wimbo uliolichokoza. Aliyekejeliwa aliuchukua uwanja ule ule, ala zile zile na lugha ile ile, akapandisha kiwango cha mazungumzo, na watu wakamfuata juu.

Mhariri, nipe nafasi

Mwezi Januari mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Gazeti hilo, kama mengine ya Kiswahili yaliyolitangulia na kulifuata, lilitenga nafasi ya mashairi na ya barua za wasomaji, na kwa njia hiyo likaunda uwanja wa aina mpya: kundi la watu wanaojibizana bila kuonana. Mtu wa Tanga alimjibu mtu wa Tabora ambaye hakuwahi kumwona wala hakujua ukoo wake. Walijadiliana juu ya dansi, mavazi, ndoa, na juu ya maana ya ustaarabu.

Barazani, adabu ilisaidiwa na macho. Unamwona aliyeketi karibu nawe, unajua ni mjomba wa nani, unajua mtakutana msikitini au sokoni jioni. Gazetini macho hayo hayakuwapo, na washairi wakalazimika kuziweka ndani ya utungo ishara ambazo zamani zilionekana kwa sura. Ndipo zikashamiri desturi tunazozijua: ubeti wa kwanza wa kupiga hodi na kumwomba mhariri nafasi; salamu kwa wasomaji; kumtaja kwa heshima anayejibiwa kabla ya kumpinga; na ubeti wa tamati wenye jina la mtunzi na mji wake. Msomaji wa leo huziona beti hizo kuwa za kujazia. Kwa watu wale, zilikuwa mlango na kizingiti cha nyumba isiyo na kuta. Aliyeingia bila hodi alijulikana papo hapo.

Lakabu nazo zilipata kazi mpya. Mshairi aliweza kuandika kwa jina la kujipa, kama Amiri Sudi Andanenga alivyojulikana kwa lakabu ya Sauti ya Kiza. Tofauti na wengi wanaojificha simuni leo, mwenye lakabu wa gazetini aliitumia miaka nenda miaka rudi. Lakabu ilijenga sifa na iliweza kuaibika. Iliuficha uso wa mtu, lakini haikuificha historia yake.

Na juu ya wote aliketi mhariri. Yeye aliweza kulikataa shairi lenye matusi au lililopungua mizani, na aliweza kuufunga mjadala. Mhariri wa gazeti la serikali alikuwa pia na mipaka ya serikali: kulikuwa na mambo yasiyoweza kusemwa hata kwa vina vilivyotimia. Adabu ya gazetini, basi, ilikuwa ya hodi na ya lango kwa pamoja, na anayeitamani leo hana budi kukumbuka kwamba mwenye lango hakuchaguliwa na wasomaji.

Sheria na ngonjera

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kanuni ambazo kizazi baada ya kizazi kilizijua kwa kusikiliza sasa ziliandikwa zikawa sheria. Faida yake ilikuwa kubwa: kijana wa bara, ambaye hakukulia katika baraza la Mombasa wala la Lamu, aliweza kujifunza na kuingia uwanjani kwa haki sawa. Lakini sheria iliyoandikwa ina tabia nyingine pia. Humpa msomaji rungu. Kutoka hapo ikawa rahisi kumnyamazisha mpinzani kwa kumhesabia mizani bila kuigusa hoja yake. Wengi wetu tumeshuhudia mtu akitoa jambo zito, akajibiwa kwamba kina cha kati cha ubeti wa tatu kimeteleza.

Baada ya uhuru, chama cha UKUTA, kilichoanzishwa mwaka 1959, kiliwakusanya washairi wa Tanzania. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba walieneze Azimio la Arusha, na Mathias Mnyampala akaikuza ngonjera, ushairi wa majibizano jukwaani. Ngonjera ilifuata heshima zote za malumbano: zamu, vina, kusikilizana. Hata hivyo ilitofautiana na gungu katika jambo la msingi. Katika ngonjera nyingi za wakati ule mmoja alikuwa mjinga na mwingine mjuzi, na kabla pazia halijafunguliwa ilijulikana kwamba mjinga atakiri kosa na kushukuru. Hapakuwa na tusi hata moja, wala mashaka yoyote. Ngonjera inatufundisha kwamba mazungumzo yanaweza kuwa na adabu kamili huku upande mmoja haukupewa nafasi ya kushinda.

Mgogoro usiokuwa na uwanja mmoja

Tunafika sasa kwenye ugomvi mkubwa kuliko yote katika ushairi wetu wa karne iliyopita. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mwaka 1976 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Malenga wa Bara, na baadaye Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kwamba ushairi hauishii kwenye urari wa vina. Upande wa pili walisimama watu wazito: Shihabuddin Chiraghdin, aliyeitolea utangulizi Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir mwaka 1971, Jumanne Mayoka, ambaye kitabu chake kizima kilibeba neno mgogoro katika anwani, na washairi wengi wa magazetini.

Hoja za ugomvi ule zinafundishwa shuleni, na sina haja ya kuzirudia. Linalosahaulika ni kwamba pande mbili hazikuwa zikigombana katika uwanja mmoja. Mwanamapokeo alipochukizwa, mara nyingi alitunga shairi la vina kamili na kulipeleka gazetini. Kwa adabu aliyolelewa nayo, hiyo ilikuwa changamoto halali, na mwenzake alipaswa kujibu kwa bahari ile ile. Mwanausasa, aliyelelewa katika semina na majarida ya chuo kikuu, aliandika makala. Kwa adabu yake yeye, heshima kwa mpinzani ni kumnukuu, kutoa ushahidi na kuhitimisha. Shairi la kejeli gazetini halikuwa hoja ya kujibiwa.

Basi kila mmoja alisubiri jibu ambalo halikuja. Mwanamapokeo alihesabu kimya cha mwenzake kuwa kushindwa, kwa maana barazani asiyejibu ameshindwa. Mwanausasa alihesabu mashairi ya mwenzake kuwa ushahidi kwamba hana hoja. Zaidi ya hayo, mwanausasa hakuweza kujibu kwa vina bila kuisaliti hoja yake: angekuwa amekubali kwa vitendo sheria aliyokuwa akiikataa kwa maneno. Kanuni iliyowaokoa Muyaka na washairi wa Lamu, ile ya kujibu kwa bahari ile ile, hapa ndiyo iliyokuwa kiini cha kesi. Haikuwezekana kuitumia kama hakimu huku yenyewe ikiwa mshitakiwa.

Palipokosekana uwanja wa pamoja, majina yalichukua nafasi ya majibu. Hawa waliitwa wahafidhina, wale wavamizi. Cha ajabu, lawama kubwa ya kila upande ilikuwa moja: wageni. Mashairi huru yalisemwa kuwa ya Kizungu. Vina na mizani vikasemwa kuwa vya Kiarabu. Wapinzani walikubaliana juu ya kosa na wakatofautiana juu ya mkosaji tu.

Waliotuliza mambo ni wale walioweza kukaa katika viwanja vyote viwili. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, aliurudia urithi wenyewe na kuonyesha kwamba tungo za Waswahili zina maumbo mengi kuliko sheria zilivyoruhusu. Aliongea na wanamapokeo kwa kile wanachokiheshimu, yaani mapokeo, na akaongea na wasomi kwa kile wanachokiheshimu, yaani ushahidi.

Kabla ya kupiga hodi

Kundi la simuni limevirithi viwanja vyote hivi kwa pamoja bila kuchagua kimoja. Lina ukaribu wa baraza, lakini halina macho. Lina umbali wa gazeti, lakini halina mhariri, ila msimamizi ambaye mara nyingi ni rafiki wa upande mmoja. Lina kasi ya ngoma: jibu linatakiwa sasa hivi, kabla wengine hawajaondoka. Na ndani yake wamo pamoja mjukuu wa baraza, msomi wa semina, na shabiki wa mipasho, kila mmoja akiwapima wenzake kwa kipimo cha nyumbani kwake. Tukiwaambia tu wawe na adabu, kila mmoja atatikisa kichwa kukubali, kisha ataendelea kama alivyokuwa.

Kinachotakiwa ni kidogo na ni kigumu: kutaja uwanja kabla ya kuingia. Anayetupa changamoto aseme anataka jibu la namna gani. Anayejibu kwa nathari shairi la mwenzake aseme kwamba amelisoma kama shairi, kisha atoe hoja yake. Anayehesabu mizani aguse na maana. Na pale neno linapochoma, tuikumbuke kazi iliyokuwa ikifanywa na vina: tumsome mpinzani mara ya pili, tujipe saa moja, tutafute neno linalolingana na lake kwa uzito kabla ya kulitafuta linalolizidi kwa ukali.

Walumbi wa zamani waligombana kuliko sisi. Miji yao ilikuwa vitani. Lakini mtu wa Mombasa na mtu wa Lamu waliposhindana kwa tungo, walikubaliana walau juu ya jambo moja: jibu lina umbo lake, na umbo hilo ni heshima kwa aliyeuliza. Makubaliano hayo yakikosekana, hata mtu mpole huonekana mfidhuli. Yakiwapo, hata adui hupata mtu wa kulumbana naye.